Wastaafu wa Darasa la Saba

Habari hizi si za kwetu. Kwetu mambo ya namna hii hayapo, na atakayesema yapo tutamwomba alete ushahidi, na akiuleta tutamuuliza aliupata wapi. Ni habari za Jamhuri ya Mbelembele, nchi ambayo msijisumbue kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu kamati ya kuchora ramani yake bado inaisubiri kamati ya kununua penseli.

Katika mji mmoja wa nchi hiyo, uitwao Mtandikani, aliishi Bi Mwantumu, mjane aliyekodisha viti vya plastiki na maturubai. Harusi, hitima, kipaimara, mkutano wa hadhara, watu wa shughuli zote hizo walikalia viti vyake. Kazi hiyo ilimfundisha kuwa watu wakikaa kwenye viti vya kukodi husema maneno ya kukodi, kwa hiyo alishuku kila kitu. Yai alilitikisa sikioni kabla ya kulinunua, akalitikisa tena akifika nyumbani. Akiulizwa "umeamkaje?" alijiuliza kwanza muulizaji anataka kuazima nini. Hata marehemu mumewe alikubaliwa kwa shida, maana posa yake ya kwanza ilirudishwa kwa uchunguzi zaidi.

Majirani walimcheka. Watu wa Mbelembele ni watu wa imani, hasa jambo likitangazwa kwa kipaza sauti.

Bi Mwantumu alikuwa na binti mmoja tu, Siwema, wa darasa la saba. Mtaani kwao palikuwa na bomba la maji lililozinduliwa na mawaziri wanne, kila mmoja na utepe wake, na halijawahi kutoa hata tone. Siwema alitaka aende sekondari, kisha chuo, akasomee mambo ya pampu, arudi alifungue lile bomba aone ndani mna nini.

"Lazima kuna kitu kimekwama, mama."

"Kilichokwama hakimo ndani ya bomba," Bi Mwantumu alimjibu. "Lakini soma, mwanangu. Soma."

Yeye mwenyewe hakupita darasa la nne. Alibeba viti kichwani tangu akiwa msichana, akiwapangia watu wengine wakae, na alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: Siwema apate kiti chake sekondari. Mengine yote, hata mvua, alikuwa tayari kuyasamehe.

Dawati moja na Siwema alikaa Chiku, mtoto wa Mama Chiku muuza mkaa wa nyumba ya pili. Kitabu cha hesabu walikuwa nacho kimoja baina yao. Wakigombana, walikichana katikati. Wakipatana, walikishona kwa uzi wa maturubai.

*

Basi siku moja akaja mjini Waziri wa Maandalizi ya Maisha, Mheshimiwa Tandabelua. Huyu alikuwa Jenerali Mstaafu, Balozi Mstaafu, Jaji Mstaafu na Waziri Mstaafu aliyerudishwa. Mbelembele wana desturi nzuri ya kutotupa kitu.

Viti vyote vya Bi Mwantumu vilikodishwa. Afisa Maandalizi wa Wilaya, Bwana Kingamkono, alimlipa palepale, taslimu, kabla hata kiti cha kwanza hakijashushwa. Hapo ndipo machale yalipomcheza Bi Mwantumu. Serikali kulipa kabla ya kukaa! Akajua kuna shimo mbele, na limefunikwa kwa majani mabichi.

"Ndugu wananchi!" alinguruma Mheshimiwa. "Kwa nini vijana wetu wanashindwa maisha? Utafiti umeonyesha, na utafiti huo niliufanya mwenyewe nikiwa ndani ya ndege, kwamba kijana anaanza safari ya ajira bila kuujua mwisho wake. Hivi kuna dereva anayewasha gari bila kujua aendako?"

"Hakunaaa!" walijibu wananchi, ingawa dereva wa Mheshimiwa aliinamisha kichwa.

"Sasa basi! Kuanzia leo tunazindua Mpango wa Kuona Mbele. Kila mtoto wa darasa la saba, kabla hajakanyaga sekondari, atapitia ajira yake yote. Atateuliwa, ataapishwa, atahamishwa, atasimamishwa, atapandishwa, atastaafu. Yote ndani ya muhula mmoja! Akiingia sekondari hatakuwa mtoto tena, atakuwa mtu aliyeiva!"

Wakapiga makofi mpaka viti vikalia. Bi Mwantumu, aliyesimama nyuma kama ilivyo kawaida ya mwenye viti, akamgusa Mama Chiku kwa kiwiko.

"Watoto wake yeye wameshastaafu?"

"Wanasoma nje, shoga. Huko mpango haujafika."

"Na hautafika," alisema Bi Mwantumu.

Bwana Kingamkono aliposogea karibu, Bi Mwantumu akamuuliza uso kwa uso: je, mzazi asiyetaka mtoto wake aingie kwenye mpango? Bwana Kingamkono akatabasamu tabasamu la watu wa ofisini, lile linaloanzia kwenye meno na kuishia kwenye meno.

"Mpango ni wa hiari kabisa, mama yangu. Ila asiyeumaliza, hasajiliwi sekondari."

*

Tusiwe wachoyo wa sifa. Mpango ulipangwa ukapangika. Vitabu vya hesabu vilifungiwa stoo ili visiwachanganye watoto, wakaanza maisha.

Kwanza waliteuliwa. Siwema akawa Kaimu Mkurugenzi wa Mabomba, Chiku Naibu Katibu wa Upepo. Wakaapishwa wakiwa wameshika rula. Kisha wakaingia semina elekezi, wakakaa wakizunguka meza, kila mmoja na chupa ndogo ya maji na sambusa mbili, wakafundishwa kutikisa kichwa kwa makini wakati wa kulala.

Baada ya semina lilikuja somo gumu, nalo ni Kuning'iniza Koti. Huko Mbelembele, mtumishi mwerevu akifika kazini hukivika kiti koti lake, akaenda zake. Koti likiwepo, naye yupo. Anayemtafuta ataambiwa katoka sasa hivi, hata kama katoka juzi. Bi Mwantumu ilimbidi afungue sanduku, akatoa koti la marehemu mumewe, akampa mtoto kwa mkono mzito. Siwema alifeli mara ya kwanza. Alilitundika koti vizuri sana, kisha akakaa.

"Sasa umekaa ufanye nini?" aliuliza Bwana Kingamkono, aliyekuwa akisahihisha.

"Kazi, mwalimu."

Darasa zima likaangua kicheko. Bwana Kingamkono akafuta machozi ya kucheka kwa leso. "Kazi ipo, binti yangu. Ipo kwenye mengineyo, mwisho kabisa wa kikao, muda ukiruhusu." Na muda, kama mnavyoujua, haukuruhusu.

Wakahamishwa. Siwema alitolewa dawati la dirishani akapelekwa la mlangoni, kwa manufaa ya umma, na Chiku akabakizwa peke yake la dirishani, kwa manufaa ya umma uleule. Wakasimamishwa kazi kupisha uchunguzi, darasa zima, wakakaa juani mpaka tume ilipogundua kuwa hakuna aliyejua kinachochunguzwa. Basi wakasafishwa na kupandishwa vyeo.

Kila jioni Bi Mwantumu alimngoja mlangoni.

"Leo mmesoma nini?"

"Leo tumemlaumu aliyekuwepo kabla yetu."

"Aliyekuwepo kabla yenu nani?"

"Hatumjui, mama. Ndiyo maana ni rahisi."

Bi Mwantumu hakucheka. Alimtazama mtoto akitembea ndani ya nyumba, mikono nyuma, akikohoa kidogo kabla ya kuomba chumvi. Usiku alilala jicho moja wazi.

Siku ya picha ndiyo iliyomkata maini. Kila mwanafunzi alitakiwa alete picha ndogo ya kitambulisho cha ustaafu, na kanuni zilitaka mstaafu awe na mvi. Akina mama wa Mtandikani wakapanga foleni kwa mpiga picha, kila mmoja na mtoto wake na kibakuli cha unga. Waliotumia unga wa ngano walitoka wazee wa heshima. Waliotumia sembe walitoka kama wana mba.

Bi Mwantumu alimnyunyizia Siwema unga kichwani, akamtazama kwenye kioo cha mpiga picha, akaona bibi kizee wa miaka kumi na minne akimtabasamia. Akatoka pale pale, akaenda kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Pazi, mtu mpole ambaye maisha yalikuwa yamempiga pasi akalala.

"Mwalimu, niambie ukweli kama dada yako. Hawa watoto wakishastaafu, wanaanza tena?"

Mwalimu Pazi akaangalia dari. Akaangalia mlango. Akaangalia koti la Bwana Kingamkono lililokuwa limekaa kwenye kiti cha wageni.

"Dada yangu," akasema kwa sauti ya chini, "mimi nimebakiza mwaka nistaafu. Niombee tu nifike."

Bi Mwantumu hakuhitaji zaidi. Lakini angefanya nini? Akimtoa mtoto, hasajiliwi. Akimwacha, Mungu ndiye ajuaye. Mtego wa Mbelembele hutegwa pande zote mbili, ukikwepa huku unaingia kule. Akarudi nyumbani akamwambia Siwema, "Stahimili, mwanangu. Maliza upesi," na moyo wake ukawa haumo katika maneno hayo.

*

Sherehe ya kuwaaga ilifana. Maturubai yalipigwa, viti vikavikwa vitambaa vyeupe, mshereheshaji akaletwa akiwa na suti inayometameta. Watoto waliingia mmoja mmoja, unga kichwani, wakitembea polepole kama walivyofundishwa, mkono kiunoni.

"Huyu ni mzee wetu Siwema!" alipaza mshereheshaji. "Ametutumikia kwa uadilifu, kwa unyenyekevu, bila kuchoka, tangu mwezi wa pili!"

Vigelegele. Kila mstaafu alikabidhiwa bati moja, jembe, kitenge na saa ya ukutani, ili aende akahesabu muda aliobakiza. Siwema alitoa hotuba kwa niaba ya wenzake. Aliwashukuru viongozi kwa majina na kwa vyeo, akasema wanawaachia vijana kijiti. Alihutubia vizuri mno. Bwana Kingamkono alitikisa kichwa kwa fahari, na Bi Mwantumu, huko nyuma kwenye viti vyake, akaacha kupiga makofi.

Chiku peke yake ndiye aliyeharibu shughuli. Alilia kweli. Aliulizwa kwa nini analia, akasema anataka dawati lake.

Mheshimiwa Tandabelua akafunga kwa maneno mafupi, yaani ya saa nzima tu, na mwisho akainua mikono juu ya vile vichwa vyeupe. "Pumzikeni, wazee wangu. Taifa limewaona. Pumzikeni."

Neno "pumzikeni" lilimwingia Bi Mwantumu kama mwiba wa samaki kooni, halishuki wala halitoki.

Asubuhi iliyofuata redio ilitangaza kwa ngoma na tarumbeta kwamba Mbelembele imekuwa nchi ya kwanza duniani kumaliza tatizo la vijana wasio na kazi. Vijana wote waliokaa mtaani sasa ni wastaafu, na mstaafu hakosi kazi, anapumzika. Wageni wakaanza kuja kutoka nchi nyingine kujifunza. Walikalia viti vya Bi Mwantumu na kuandika.

*

Shule zilipofunguliwa, Bi Mwantumu alimshika Siwema mkono, Mama Chiku akamshika Chiku, wakaenda Sekondari ya Mtandikani. Ilikuwa shule mpya yenye geti kubwa sana. Nyuma ya geti palikuwa na darasa moja lenye paa, na mengine saba yenye jiwe la msingi.

Mkuu wa shule, Madamu Ruzuna, aliwapokea getini, geti likiwa limefungwa.

"Hawa ni wastaafu," akasema baada ya kutazama vitambulisho. "Serikali haimsomeshi mstaafu. Kanuni za utumishi haziruhusu."

"Mstaafu gani? Mtoto ana miaka kumi na minne!"

"Hiyo ni ya kalenda, mama. Sisi tunaangalia umri wa kiutumishi. Hawa wamemaliza."

"Lakini mlisema asiyemaliza hasajiliwi!"

"Ni kweli, hasajiliwi," alikubali Madamu Ruzuna. "Na aliyemaliza amemaliza."

Bi Mwantumu akashika nondo za geti, akachungulia. Dirisha la lile darasa moja lilikuwa wazi. Ndani palijaa watoto wenye soksi nyeupe na viatu vya kung'aa, vichwa vyao vyeusi ti, havijawahi kuonja unga. Mstari wa mbele alimtambua mtoto wa Bwana Kingamkono akichonga penseli.

"Na wale mbona hawakustaafu?"

"Wale walikuwa safarini wakati wa mpango. Wamepewa msamaha maalumu."

Basi Bi Mwantumu akaelewa yote kwa mpigo. Viti ndivyo vilivyokuwa haba. Wenyewe walijua viti ni haba, na badala ya kujenga madarasa wakawastaafisha watoto. Yeye, mwenye kushuku mpaka mayai, alikuwa amewakodishia viti vya kufanyia hayo! Alilia pale getini, kilio cha hasira, bila kujificha, na Siwema akamshika bega akimwambia, "Tulia, mama, watu wanatuangalia." Chiku alikuwa amelikalia jembe lake la kustaafia, ameegemea ukuta.

*

Bi Mwantumu hakulala siku ile wala iliyofuata. Alisikiliza redio. Na redio ya Mbelembele, baada ya nyimbo, husoma uteuzi. Jaji Mstaafu fulani awe mwenyekiti wa mbuga. Balozi Mstaafu fulani awe mlezi wa mamba. Kamishna Mstaafu, aliyestaafu mara mbili, aongoze tume ya kuwatafutia vijana nafasi.

Taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani, akaona mlango. Katika nchi hii mtoto hana kitu, mwanafunzi hana kitu, mwenye kazi hana kitu. Mwenye kila kitu ni mstaafu.

Akajitwika kiti chake kimoja, maana ofisi za serikali aliwahi kuziona, akaenda wizarani. Akaambiwa Mheshimiwa katoka sasa hivi. Akaweka kiti chake mbele ya mlango, akakaa. Akakaa mpaka Mheshimiwa aliyetoka sasa hivi akarudi kutoka huko alikokuwa.

"Mheshimiwa, nina mstaafu nyumbani."

Tandabelua alikuwa akimpita, lakini kwa neno hilo akasimama, kama mvuvi aliyehisi uzi umevutwa.

"Wa cheo gani?"

"Mkurugenzi wa Mabomba. Alikuwa kaimu, tume ikamsafisha, akapandishwa. Wewe mwenyewe ulimwaga."

"Ana doa?"

"Hana. Hajawahi kugusa hata senti ya umma."

Mheshimiwa akamvuta pembeni, akashusha sauti. Wastaafu alikuwa nao wengi, alisema, lakini wasafi walikuwa wamekwisha. Wageni wa kutoka nje walikuwa wanauliza maswali. Nafasi zipo: Bodi ya Chumvi, Mamlaka ya Vivuli, Baraza la Wazee wa Mbio...

"Sekondari ya Mtandikani," alisema Bi Mwantumu. "Mpe bodi ya shule."

"Hiyo tu? Haina hata gari!"

"Hiyo tu."

Alichowaza hakumwambia mtu. Akishaingia getini, basi. Mengine yatajulikana humo humo.

*

Siku ya tatu redio ikasoma: Siwema binti Mwantumu, Mkurugenzi Mstaafu, kuwa Mwenyekiti wa Bodi ya Sekondari ya Mtandikani.

Geti lilifunguka lote, mbawa mbili. Madamu Ruzuna alipiga goti. "Karibu, Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo." Siwema akaitikia marahaba kwa aibu, akaingizwa ofisini, akaketishwa kwenye kiti kinachozunguka, akauliza kwa sauti ndogo kama anaruhusiwa kukagua Kidato cha Kwanza.

"Kukagua! Hata sasa hivi, Mheshimiwa!"

Akaingia darasani, akakaa dawati la nyuma kabisa, lililokuwa tupu kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa wa kuegesha. Mwalimu wa hesabu alitetemeka chaki ikamkatika, akafundisha kama hajawahi kufundisha. Kesho yake Mwenyekiti akakagua tena. Na kesho kutwa. Ukaguzi wa kina, walisema watu, haujawahi kutokea.

Jioni ile ya kwanza Siwema alirudi mbio, akamwaga madaftari mkekani. "Mama! Wana somo zima la mgandamizo wa maji! Mgandamizo! Nilikwambia kuna kitu kimekwama!" Bi Mwantumu alimkumbatia, akatoka nje akapiga kigelegele cha kweli, cha kwanza tangu mumewe afe, na majirani wakadhani kuna harusi. Alikuwa amewaweza. Aliwachezesha kwa ngoma yao wenyewe, na mtoto wake amekaa.

Mambo yalikwenda hivyo kwa muda. Halafu bodi ikaanza kukutana. Kikao cha kwanza Siwema alilalamika kuwa kimemkosesha kipindi cha hesabu. Cha pili hakulalamika, alileta sambusa mbili kwenye leso. Kikao cha kujadili ada kilimchukua siku nzima, na aliporudi, Bi Mwantumu akamuuliza kuhusu mgandamizo wa maji, naye akasema wataalamu wanalitazama suala hilo. Kisha zikaja safari. Wageni walitaka kumwona mstaafu kijana kuliko wote duniani, naye akaenda akaonwa.

"Umechoka, mwanangu," Bi Mwantumu alimwambia. Alitaka iwe uchovu.

*

Jioni moja Chiku alikuja. Alikuwa na masizi mpaka kwenye nyusi, kwa sababu siku hizi alishinda gengeni akipima mkaa na mama yake. Alikuwa amenawa mikono tu, akavua ndala mlangoni, akakaa ukingoni mwa mkeka, mahali alipokuwa akikaa siku zote. Bi Mwantumu alikuwa akisonga ugali. Siwema alikuwa akingoja kula.

"Siwema," alisema Chiku, "nimewaza kitu. Lile dawati lako la nyuma ni la watu wawili. Niingize na mimi, hata kama msaidizi wako wa ukaguzi. Sitaongea. Nitakaa tu nisikie."

Bi Mwantumu, mgongo umewaelekea, akatabasamu juu ya sufuria. Wazo zuri! Vipi lisimjie yeye mwenyewe? Dawati lipo, geti linafunguka, Mwenyekiti akisema neno hakuna wa kumkatalia. Akaanza kuhesabu moyoni atamshonea Chiku sare kwa kitambaa gani, maana nyumba ile ya mkaa isingeweza. Hakushuku hata kidogo. Aliendelea kusonga, akingojea kusikia watoto wale wakipiga kelele za furaha kama zamani.

Siwema akakohoa kidogo.

"Kwanza nikupongeze, Chiku, kwa kuja," alisema. "Hoja yako ni ya msingi. Nimeipokea. Tunaifanyia kazi."

Mwiko ukasimama ndani ya ugali.

Chiku akacheka. Alidhani ni mchezo wao wa darasani, ule wa kupangwa vyeo, akampiga Siwema kofi dogo gotini. "Acha utani, wewe! Kesho nije saa ngapi?"

Siwema hakucheka. Alipangusa goti mahali palipoguswa na mkono ule ulionawa, bila hasira, akasema, "Unajua suala la nafasi ni mtambuka. Linahitaji wadau."

"Siwema!" Bi Mwantumu alikuwa amegeuka. "Huyo ni Chiku."

"Namfahamu, mama." Akamtazama mama yake kwa upole mkubwa, upole wa mtu aliyezoea kusubiriwa. "Ndiyo maana sitaki aonekane anapendelewa."

Bi Mwantumu akamtafuta mwanawe katika uso ule. Alimtafuta kwenye macho, kwenye mdomo, kwenye kidevu cha marehemu baba yake. Vyote vilikuwepo mahali pake. Siwema ndiye hakuwamo.

Chiku akainuka. Akavaa ndala moja, akaitafuta ya pili kwa mguu, akaipata. Mlangoni akageuka, kwa sababu hata sasa alikuwa bado anaamini.

"Basi nirudi lini?"

Siwema alikuwa ameshajimegea tonge kutoka sufuriani. Alilitafuna taratibu mpaka likaisha.

"Utajulishwa," alisema.